Fimbo Mbichi

Daftari lilikuwa linamkimbia. Kila mara mtoto alipovuta herufi kwa mkono wa kushoto, lilizunguka juu ya goti lake. Akalirudisha kwa kiwiko, likazunguka tena. Mkono wa kulia, ule wa kuandikia, aliuweka tumboni kama mtu aliyebeba yai. Vidole viwili, cha kati na cha pete, vilikuwa vimevimba hadi ngozi inang'aa.

"Nionyeshe," mwalimu alisema, akachuchumaa mbele yake.

"Si kitu, mwalimu."

"Nionyeshe tu, mama."

Mtoto akaunyoosha nusu, kisha akaurudisha. Nyuma yake watoto mia moja na thelathini na mmoja walikuwa wameketi chini kwa safu, magoti kwa migongo, chini ya turubai lililochanika katikati. Pale palipochanika hapakuwa na mtu. Palikuwa na tope la mvua ya jana, na watoto walikuwa wamelizunguka kama watu wanaoota moto.

Hakuhitaji kuuliza ilikuwaje. Shule nzima iliona. Jumatatu asubuhi, mstarini, mwalimu wa nidhamu alikuwa akihutubia juu ya usafi wa mwili na mavazi, na ndala yake ikakatika katikati ya neno "mavazi". Wengi walicheka. Mtoto huyu alicheka mpaka akaruka. Akaitwa mbele, akaambiwa atoe mkono, akautoa. Ila fimbo iliposhuka aliuvuta, na badala ya kiganja ikavipata vidole kwa ubavu. Kwa kuwa aliuvuta, akaongezwa mbili.

Mwalimu wake, wa darasa la tatu B, alikuwa amesimama hatua sita kutoka pale. Hakusema neno. Yeye sauti yake ilikuwa ndogo tangu kuzaliwa. Mama yake alikuwa akisema huyu nilimzaa akanong'ona. Siku ya kwanza ya kazi alipiga kelele kuwanyamazisha watoto hata koo likaota vidonda, wasimsikie. Siku ya pili, kwa kukata tamaa tu, aliinua mkono juu, vidole vitano vimetanuliwa, akasimama hivyo. Mtoto mmoja wa mbele akainua wake. Wa pili akamwiga. Mikono ikainuka safu kwa safu hadi nyuma kabisa, na ukimya ukaja nayo, kama kivuli cha wingu kinavyotembea juu ya uwanja. Tangu siku hiyo hakuhitaji kingine. Watoto walimwita Mwalimu Mkono. Walimu wenzake walimwita Trafiki.

Mchana ule, Jumanne, alimchukua mtoto, wakampitia bibi yake, wakaenda zahanati.

Tabibu alikuwa kijana aliyechoka. Aliugusa mkono kwa ncha ya kalamu, mtoto akang'ata kola ya sare yake.

"Vimevunjika viwili. Hapa sina chombo. Huyu aende hospitali kubwa, wampige picha, wamfunge sawasawa. Gari la wagonjwa linaondoka Jumamosi." Akavuta fomu ya rufaa. "Sababu ya jeraha?"

"Amepigwa na..." mwalimu alianza.

Tabibu aliinua kalamu isiguse karatasi. "Dada, sikia kwanza. Hapa pana visanduku viwili vya kutia alama. Ajali, au kufanyiwa na mtu. Nikitia ajali, jina linaingia kwenye gari la Jumamosi leo hii. Nikitia kufanyiwa, karatasi haiendi kwenye gari. Inaenda ofisi ya ulinzi wa watoto. Wamhoji yeye, wamhoji bibi, wamhoji mwalimu, ndipo waidhinishe. Mwezi. Miwili. Nia yao nzuri, sisemi. Lakini mfupa hausubiri kuhojiwa. Utaunga hivyo hivyo ulivyopinda."

"Ameanguka," bibi alisema.

"Bibi..."

"Ameanguka, mwanangu. Alikuwa akikimbilia maji bombani, akateleza. Nilimwona kwa macho yangu haya." Bibi alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, alishika ukuta kuingia mle ndani. "Wewe andika, baba. Ameanguka."

Mtoto aliwatazama wote watatu kwa zamu. Kisha akasema, "Nimeanguka," kama anayekariri somo.

Bibi alitia dole gumba. Palipoandikwa shahidi, mwalimu aliweka sahihi yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Watoto waliuiga ubaoni. Aliiangalia ile sahihi ikikauka.

Lakini ndani ya mkoba wake mlikuwa na karatasi nyingine. Aliiandika Jumatatu ile ile, wakati wa mapumziko, pande mbili, bila kukata neno: siku, saa, mahali, fimbo ngapi, nani aliona. Alikusudia kuitia mkononi mwa Bibi Mradi mwenyewe, mkuu wa mradi uliofadhili shule, atakapokuja Ijumaa. Sanduku la maoni lilikuwepo, zuri, la bluu, lenye kufuli. Lilikuwa limetundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, juu ya kiti chake.

*

Jumatano mwalimu mkuu aliwaita walimu wote. Walikuwa kumi na wanane, wakimbizi wote isipokuwa yeye, na mabenchi yalikuwa mawili, hivyo wengi walisimama.

"Ijumaa tuna ugeni," alisema. "Bibi Mradi anakuja na wafadhili. Siku ya Kuiaga Fimbo. Kila mwalimu atapita mbele, atasalimisha fimbo yake, atasoma ahadi, fimbo zitachomwa, picha zitapigwa, soda zitanywewa. Walimu kumi na wanane, fimbo kumi na nane. Idadi nimeshaituma."

"Na Jumatatu tufundishe kwa nini?" mwalimu wa nidhamu aliuliza. "Kwa soda?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye watoto mia na hamsini darasani na vitabu tisa. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Mimi nilipigwa, na leo mnaniita mwalimu. Wasiopigwa wako wapi? Nitajieni mmoja."

"Ijumaa hutasema hayo," mwalimu mkuu alisema.

"Ijumaa nitasoma ahadi. Nina sauti nzuri ya kusoma."

Mwalimu wa tatu B aliinua mkono. Watu wakaanza kutabasamu kabla hajafungua kinywa.

"Mimi sina fimbo, mwalimu mkuu."

"Trafiki ana kiganja!" mmoja akadakia. "Kichomwe kiganja!"

"Akope filimbi kwa trafiki wenzake, ichomwe hiyo!"

Mwalimu mkuu aliwaacha wacheke wakamaliza, akafunga kikao, akambakisha yeye peke yake. Alifungua faili, akaigeuza fomu upande wake ili aione. Orodha ya majina. Mbele ya kila jina, safu mbili.

"Soma, binti."

"Amesalimisha. Amekataa kusalimisha."

"Sasa nikuweke wapi?"

"Hakuna safu ya asiyekuwa nayo?"

"Waliotengeneza fomu hawakumfikiria mtu kama wewe." Alilisema bila ubaya, karibu kwa huruma. "Mkono mtupu haulambwi, na haupigwi picha. Wakiona 'amekataa', watauliza ni nani huyu mkaidi, na mikataba yenu inafanywa upya mwisho wa mwezi. Tafuta fimbo. Kipande cha mti tu. Kikushinde?"

Mwalimu aliisogeza fomu, akairudisha upande wa mwalimu mkuu.

"Nimesikia ulikuwa zahanati jana," mwalimu mkuu akaendelea, akiifunga faili polepole. "Mtoto ameanguka bombani. Pole yake. Nimesikia pia kwamba wewe ni mtu wa kuandika andika." Akaelekeza kidole juu, kwenye dari la turubai. "Shule ikimaliza mihula mitatu bila kesi hata moja ya mwalimu kupiga, inaitwa Shule Salama. Shule Salama inaezekwa bati. Tumemaliza mihula miwili na miezi miwili. Darasa lako ndilo linalovuja kuliko yote, au nasema uongo?"

"Ni kweli."

"Basi. Ukiwa na karatasi yoyote, sanduku hilo hapo. Mimi simzuii mtu."

Sanduku lilikuwa hatua moja kutoka kichwani kwake. Ufunguo ulining'inia kwenye kamba moja na funguo za choo.

*

Walimu wengi fimbo zao walizipenda. Zilikuwa nyepesi, zimekauka, zimeng'aa kwa mikono, na mwenye kuijua yake hakutaka kuichoma. Kwa hiyo Alhamisi, baada ya kipindi cha kwanza, watoto wa darasa la sita walitumwa korongoni, nje ya uzio wa kambi, wakakate fimbo za kusalimisha.

Kukata mti nje ya uzio kulikatazwa. Wenyeji walikuwa wametangaza kwamba mkimbizi atakayekutwa na tawi atalijua tawi hilo mgongoni mwake. Watoto walirudi wanakimbia, mmoja hana kiatu, mafungu ya vijiti mabichi vifuani, bado vinatoa utomvu. Waliviweka mbele ya ofisi. Mwalimu wa nidhamu alivihesabu, akavipinda kimoja kimoja kuona kama vitakatika.

Saa sita, watoto wa tatu B walipokuwa wakitoka, yule wa vidole alibaki. Alisimama mbele ya meza, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha kanga ya bibi yake, mkono wa kushoto uko nyuma.

"Kuna nini, mama?"

Akauleta mbele. Ilikuwa fimbo. Nyembamba, imepinda kidogo katikati, gome limemenywa kwa meno. Alama za meno zilionekana.

"Wamesema wewe huna," mtoto alinong'ona. Tangu Jumatatu naye alikuwa akinong'ona. "Wamesema usiyekuwa nayo utafukuzwa. Nikawafuata wale wa la sita. Nimekuchagulia."

"Ulikwenda korongoni? Na mkono huo?"

"Nilivunja kwa mguu." Akaiweka mezani, akaisogeza na kidole. "Ni nzuri, mwalimu. Haina miiba. Nimeitoa yote."

Mwalimu aliishika fimbo. Ilikuwa baridi, na mahali pa meno palikuwa na unyevu.

"Ahsante," alisema.

*

Ijumaa wageni walifika na magari manne. Pipa lilikatwa nusu, likawekwa katikati ya uwanja, mkaa ukawashwa ndani yake tangu asubuhi. Watoto elfu mbili walisimama juani kwa safu. Bango lilisema FIMBO KWAHERI.

Bibi Mradi alikuwa mwanamke mwenye uso mwema na saa kubwa ya mkononi. Aliwashika watoto vichwa. Alizungumza Kiswahili kwa uangalifu, kama anayevuka mto kwa mawe, na alikusudia kila neno. Alisema mtoto ni ua. Alisema takwimu za shule hii zimemliza kwa furaha: mihula miwili, kesi sifuri.

Walimu walianza kupita. Mwalimu wa nidhamu alipita wa kwanza, akaibusu fimbo yake mbichi, watu wakapiga makofi, akaitumbukiza pipani, akaisoma ahadi kwa sauti iliyofika uzioni: "Sitainua mkono wangu dhidi ya mtoto." Kweli alikuwa na sauti nzuri ya kusoma.

Mwalimu wa tatu B alikuwa wa kumi na mbili. Fimbo ilikuwa mkononi, karatasi ilikuwa mfukoni mwa sketi, imekunjwa mara nne. Alipotoka kwenye mstari alisikia kitu upande wa watoto wake. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama pumzi moja iliyovutwa na wengi.

"Mwalimu Mkono anayo!" sauti ndogo ikasema.

"Kumbe anayo."

"Alikuwa ameificha."

Aliendelea kutembea. Alitumbukiza fimbo. Alisoma ahadi kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, na Bibi Mradi akampa mkono.

"Nawe ni mwalimu wa darasa gani?"

"La tatu B." Mkono wake mwingine ulikuwa mfukoni, umeishika karatasi. "Bibi, naomba..."

"Tatu B! Wale wadogo." Bibi Mradi aligeuka kuwatazama, akawafuata, akainama mbele ya safu ya kwanza. "Oo. Na huyu mkono umefanya nini?"

Mtoto alitazama juu. Alimtazama mwalimu mkuu, aliyekuwa amesogea karibu. Akamtafuta bibi yake kati ya wazazi. Bibi alikuwa ameegemea mti wa bendera, uso umeelekea pasipo na mtu. Mwisho akamtazama mwalimu wake. Hakuwa akiomba kitu. Alikuwa akisubiri kuambiwa jibu lipi ni sahihi.

Jumamosi ilikuwa kesho. Jina lilikuwa la saba kwenye orodha ya gari. Mwalimu alihisi karatasi ikilowa jasho la kiganja chake. Akatikisa kichwa kidogo, mara moja.

"Nilianguka, mama," mtoto akasema.

"Pole, mpenzi. Mtacheza kwa uangalifu, eh?" Bibi Mradi akasimama. "Mwalimu, ulitaka kusema?"

"Nilitaka kushukuru," mwalimu alisema.

Fimbo hazikuwaka. Mti uliokatwa jana haujui moto; zililala juu ya makaa zikitoa povu kwenye ncha na moshi mzito mweupe. Mwalimu mkuu alipepea kwa kifuniko cha katoni. Wakamwagia mafuta ya taa, yakawaka yenyewe yakazimika, fimbo zikabaki. Moshi ukashuka juu ya watu wote. Wageni walifuta macho, watoto walifuta macho, mpiga picha alipiga haraka haraka. Baadaye picha moja ilibandikwa ofisini: walimu kumi na wanane wanalia mbele ya fimbo zao.

Magari yalipoondoka, vumbi halijatulia, mwalimu wa nidhamu alileta koleo. Alizitoa fimbo moja moja, akazipanga kwenye majani zipoe. Zilikuwa nyeusi, zimenyooka. Aliichukua moja akaipinda, haikupindika kama jana. Akaipiga hewani, ikalia.

"Mnaona?" aliwaambia wenzake, nusu akicheka. "Zilikuwa mbichi, zingetukatikia wiki ya kwanza. Sasa zimepikwa."

*

Jumatatu gari la wagonjwa halikuwa limekwenda. Jumamosi liliwapeleka wageni uwanja wa ndege, maana moja ya magari yao manne lilipasuka gurudumu. Tabibu aliwaambia waliokuwa kwenye orodha warudi baada ya wiki mbili. Wengi walikubali, walizoea. Kwa wale waliovunjika mifupa alibadilisha bendeji, na foleni ya bendeji ilikuwa ndefu.

Mwalimu wa tatu B alipoingia darasani, fimbo ilikuwa juu ya meza yake. Ameileta nani, hakuuliza. Aliitambua kwa mahali ilipopinda, na kwa alama ndogo za meno, ambazo moto ulikuwa umezitia weusi. Aliichukua ili aitoe nje. Kabla hajafika mlangoni darasa lilikuwa limeanza kuvuma, watoto mia na thelathini na mmoja na habari za siku mbili, na yeye, kwa mazoea, bila kufikiri, akaishika fimbo kwa mkono wa kushoto na kuinua wa kulia, vidole vitano vimetanuliwa.

Safu ya kwanza ikajikunyata. Wakajifunika vichwa kwa mikono. Safu ya pili ikafuata, na ya tatu, hadi nyuma kabisa, na ukimya ukaja nayo. Viganja alivyoviona vilikuwa na mistari myeusi ya masizi, mmoja, miwili, mingine mitatu. Mstarini, fimbo zilikuwa zimeshapita.

Akaushusha mkono. Hakuna aliyeinua kichwa.

Hapo ndipo mtoto aliyechelewa zahanati alipotokea mlangoni, akihema, bendeji mpya mkononi. Alimwona mwalimu, akaiona fimbo, akaona wenzake. Alijua sheria ya wachelewaji; shule nzima ilikuwa na moja. Akavua ndala, akaja mbele, akasimama sawasawa.

Aliutoa mkono wa kushoto. Akautazama. Kisha akaurudisha nyuma ya mgongo, na akautoa ule uliofungwa.

"Huu, mwalimu," alisema. "Ule sasa naandikia."